Namba Kumi na Nne

Nilianza na bawaba.
Skrubu tatu zilikubali, ya nne ikanikatalia,
kichwa chake kimeliwa na kutu, bisibisi inateleza
kama ulimi wa mtu asiyetaka kutaja jina.
Mwishowe Ilgvars wa ghorofani akashuka na koleo,
akabana, akatukana, ikatoka.
Tukaubeba mlango hadi uani,
tukaulaza juu ya mapipa mawili ya kabichi.

Nyumba ikabaki kinywa wazi.
Ni Juni, Kuldīga, na mvua ya hapa haipigi hodi.

Chini ulikuwa umeoza.
Nilichomeka patasi, ikazama kama kwenye keki.
Miaka na miaka theluji imelala kizingitini
ikiunywa msonobari kuanzia miguuni.
Nikakata palipooza. Nikapima. Nikachonga kipande kipya,
kikapungua upana wa ukucha.
(Aldis wangu alipima mara tatu na kunung'unika mara nne.
Angecheka. Hayupo wa kucheka. Nikachonga kingine.)

Gundi, vibano, na usiku mzima bila mlango,
turubai likipiga makofi, mimi kwenye kiti cha jikoni,
blanketi magotini, nalinda nini sijui:
birika, viatu, picha za watu.
Paka wa jirani aliingia kama mpangaji
akaenda moja kwa moja kitandani.

Asubuhi nikaanza kukwangua.
Kwanza ile kahawia, niliyoichagua mwenyewe
nikiwa bibi harusi mwenye haraka.
Chini yake kijani cha ofisi, cha enzi zile
duka lilipokuwa na rangi moja na mji mzima ukafanana.
Chini yake kijivu. Chini ya kijivu
nyekundu ya damu ya ng'ombe, imeng'ang'ania mbao kwa kucha,
na juu ya nyekundu, kwa brashi nyembamba,
kwa mkono wa mtu aliyeijua kazi yake:

14.

Sisi ni namba tisa.

Nikampigia mama, kule kwenye nyumba ya wazee.
"Mama, mlango wetu ulitoka wapi?"
Kimya. Nilisikia televisheni yake, mtu ameshinda friji.
"Babu yako aliuleta na mkokoteni, wakati wa vita.
Wa kwetu ulishageuzwa kuni.
Alisema wenyewe hawataurudia."
"Wenyewe kina nani?"
"Vizma, chakula changu kimefika."

Msasa mfukoni, vumbi jekundu nyweleni,
nikatembea hadi namba kumi na nne.
Ni maegesho. Magari sita, mtofaa mmoja usiozaa.
Nikasimama kama mtu aliyekuja kurudisha bakuli
akakuta hata jiko halipo.

Basi nikarudi kazini.
Nyufa nikaziziba kwa puti. Msasa nikaupiga
mpaka viganja vikalainika kuliko ubao.
Nikapaka mafuta ya kitani, nikangoja;
mafuta ya kitani hayana saa, hukauka yakipenda.
Dukani nilipeleka kibanzi cha ile nyekundu,
kijana akachanganya, nikakataa, akachanganya,
mara ya nne akaniuliza kama ni ya kanisani.
Mkono wa kwanza Jumatano. Wa pili Ijumaa,
na mbu wawili wamo ndani yake hadi leo.

Namba sikuigusa. Nimeizungushia rangi
kama mtu anavyofagia akimpisha aliyelala.
Tisa nimeipigilia ukutani, kwenye kigae.
Ilgvars anasema posta watachanganyikiwa.
Kweli, Jumatatu imekuja barua ya bwana nisiyemjua,
lakini hiyo ilikuwa ya namba kumi na tisa.

Tumeupandisha. Umeshika bawaba zake
bila kinyongo, au kwa kinyongo kisichopiga kelele.
Siku hizi, kabla sijatia ufunguo,
nabisha hodi nyumbani kwangu, mara moja, polepole.
Kisha nasukuma kwa bega,
maana juu bado unakwama.